Bwana Alisimama Njiani

Somo: Injili ya Marko, sura ya 5, mistari ya 21 hata 34.



Habari hii mmeisikia mara nyingi, na walimu wameifundisha katika shule ya Jumapili hata watoto waijua kwa moyo. Lakini nawasihi mwisome tena polepole, maana wamo ndani yake watu wawili waliomwendea Bwana siku moja, wala hawakumwendea kwa njia moja. Wa kwanza ni Yairo. Yeye ni mkuu wa sinagogi, ana jina, ana nyumba ijulikanayo. Alikuja mbele ya watu wote, akaanguka miguuni pa Yesu, akaeleza haja yake kwa sauti, na watu wakampisha kama watu wampishavyo mkubwa. Wa pili ni mwanamke. Jina lake hatukuambiwa. Alikuwa na ugonjwa wa kutoka damu kwa miaka 12, na kwa sheria ya Torati, kama mtakavyoona katika Walawi sura ya 15, mwanamke wa namna hiyo alihesabiwa kuwa si safi, yeye na kitanda chake na kiti chake, na kila mtu aliyevigusa. Mali yake ilikuwa imeishia mikononi mwa matabibu, na ugonjwa ulikuwa umekua tu. Marko alisema jambo hili la matabibu bila kuficha. Luka, ambaye kwa kazi yake alikuwa tabibu, alilisema kwa maneno laini zaidi, nami simlaumu.

Sasa angalieni. Siku ile hakuna mtu aliyemkataza mwanamke yule kumwendea Yesu. Kama mngaliwauliza wanafunzi, wangalijibu kwamba Bwana yuko barabarani, na kila atakaye na aje. Nao wangalisema kweli. Lakini barabara ile iliyokuwa wazi kwa Yairo, kwake yeye ilikuwa imefungwa. Ilifungwa na msongamano wa watu, na aibu, na hofu ya kwamba atatambuliwa akemewe mbele ya wote. Kwa hiyo alipita kwa nyuma, akanyosha mkono, akagusa vazi, akitaka kwenda zake kimya kabla hajaonekana.

Na Bwana akasimama. Mtoto wa Yairo yu katika kufa, kila hatua ina thamani, wanafunzi wanaona kwamba kuuliza ni nani aliyemgusa katikati ya watu wengi kama wale ni kupoteza wakati. Yeye hakuwasikiliza. Alizungusha macho akimtafuta, akangoja mpaka mwanamke akajitokeza akitetemeka, akamweleza yote. Kisha akamwita binti.

Nimeanza hapo kwa sababu ya jambo ninalotaka kulileta mbele yenu mwezi huu, nalo ni hali ya wanawake walioshikwa na dawa za kulevya, na namna ya kuwasaidia. Najua wako watakaosema, Hayo ni mambo ya pwani, sisi huku Uha adui tumjuaye ni gongo na bhangi. Ni kweli kwamba gongo na bhangi twazijua kupita kiasi. Lakini watu wa nchi hii hawajakaa kamwe mahali pamoja. Babu zetu walitoka Kasulu na Kibondo kwa maelfu kwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge, wakaitwa manamba, na wengine hawakurudi. Siku hizi ni binti zetu wanaoondoka. Amalizapo shule, au hata kabla hajamaliza, mtu humtafutia kazi ya ndani katika mji, naye hupanda basi akiwa na mfuko mmoja. Nyumba anayoikuta yaweza kuwa njema, nasi twamshukuru Mungu kwa nyumba za namna hiyo. Yaweza pia kuwa mahali asipolipwa, au anaposumbuliwa usiku na baba mwenye nyumba, hata atoke bila nauli wala ndugu. Ampokeaye wakati huo si mara zote mtu mwema, na katika mitaa fulani ya miji mikubwa ampokeaye humpa unga.

Watu wa pwani huita heroini unga. Ilianza kuingia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1980, kwa majahazi na kwa ndege, ikitoka Asia, na kuelekea mwaka 2000 ukaja unga mweupe ambao huyeyuka upesi katika maji, na kwa ajili hiyo watu wengi wakaacha kuvuta wakaanza kujidunga sindano. Aliyeuzoea asipoupata kwa saa chache hushikwa na arosto: tumbo humkata, mifupa humuuma, hutapika, hutetemeka, hana usingizi. Sisi tusioyajua maumivu hayo twaona wepesi kumwambia mtu aache. Ni kama kumwambia mgonjwa wa malaria aache kutetemeka.

Mwezi wa Februari mwaka 2011 hospitali ya taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, na ilihesabiwa kuwa ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini ya Sahara, tukiacha visiwa. Zikafuata za Mwananyamala na Temeke, kisha nyingine Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko, na Kenya nayo ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mwuguzi, nayo humzuilia arosto bila kumlevya, kipimo chake kikiwekwa sawasawa, hata aweze kulala, kula, kufanya kazi, na kukaa na watu wa nyumbani mwake. Pamoja na hiyo ziko huduma nyingine ziitwazo za kupunguza madhara: kuwapa sindano safi wale ambao bado wanajidunga ili wasiambukizane virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kuwapima, kuwatibu, kuwafundisha namna ya kumwokoa mwenzao aliyezidisha kipimo akazimia.

Katika mikutano ya wazee nimesikia ikisemwa kwamba kumpa mtu sindano ni kumsaidia katika dhambi yake. Neno hili lastahili jibu, maana hulisema watu wacha Mungu. Nawakumbusha maelezo ya amri ya tano katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ambayo kila mtoto wa kipaimara amewahi kuyasema mbele ya usharika. Luther hakuridhika na katazo la kuua. Aliongeza kwamba tunadaiwa kumsaidia jirani katika kila shida ya mwili wake. Hakuweka sharti kwamba jirani awe kwanza ametubu. Aliyekufa hawezi kutubu, na mwenye sindano safi leo yuko hai kesho, aweza kusikia neno. Neno hili lanitosha, nami sitalirudia.

Ninalotaka tukae juu yake ni jambo jingine. Kliniki zilipofunguliwa, walikuja wanaume. Katika miaka ile ya kwanza ya Muhimbili, kati ya wagonjwa mia, wanawake hawakufika kumi. Wala si huko peke yake. Bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2016 kwamba duniani pote katika kila watumiaji watatu wa dawa hizo mmoja ni mwanamke, lakini katika kila watu watano walio katika matibabu ni mmoja tu aliye mwanamke. Mtu aweza kusema, Labda wanawake hawaugui sana. Sivyo. Watafiti waliowapima watu wanaojidunga katika Dar es Salaam miaka ya 2000 na kitu waliona kwamba kwa wanaume waliokuwa na virusi vya UKIMWI walikuwa robo na kidogo zaidi, na kwa wanawake walipita nusu. Basi waliougua zaidi ndio waliokuja kidogo. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyewakataza.

Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Sheryl McCurdy, na wenzake waliofanya kazi naye Dar es Salaam, walitoa habari iliyowashtua waganga wa nchi nyingi. Waliwakuta wanawake maskini waliokuwa wakiuza miili yao ili wapate unga. Mmoja akiwa amepata na mwenzake amekosa, yule aliyepata alijidunga, kisha akavuta damu yake mwenyewe ndani ya bomba lile lile, akampa mwenzake ajidunge damu hiyo, wakidhani kwamba unga umo ndani yake na utamtuliza arosto. Hapakuwa na unga wa kutosha katika damu ile kumtuliza mtu. Lakini virusi vilikuwamo.

Naliposoma habari hiyo naliweka kitabu chini. Si kwa sababu ya machukizo. Wanawake wale walikuwa wanahurumiana. Hakuna aliyewalazimisha, mmoja alimwona mwenzake anaumia, naye hakuwa na kitu kingine cha kumpa ila damu yake, akampa. Ninyi mnaojua damu ni nini katika Maandiko, tangu mlango wa Walawi hata meza ya Bwana, fikirini jambo hili. Huruma walikuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kuja mpaka mahali walipo na sindano safi, na neno la kweli juu ya damu, na dawa ya kuwatuliza. Watu wa namna hiyo walikuwako mjini, lakini kazi yao ilipangwa kwa kipimo cha mwanamume.

Mtaniuliza, Je, kipimo cha mwanamume ni nini katika kunywa dawa? Kikombe si kimoja? Kikombe ni kimoja, lakini njia ya kukifikia si moja. Methadoni hunywewa kila siku, na mara nyingi asubuhi. Mwanamume aliyelala barazani huamka akaenda. Mwanamke aliyekesha barabarani usiku kutafuta fedha hulala asubuhi. Mwenye mtoto mchanga hana wa kumwachia, na akienda naye hukuta mstari mrefu wa wanaume, wengine wao ndio waliompiga, au wanaomdai, au waliowahi kumnunua. Nauli hana, kwa kuwa fedha zote zapita mkononi mwa mume wake. Mume huyo naye, ikiwa anajidunga, ndiye anayenunua unga, ndiye anayeuchanganya, ndiye anayemdunga mkewe, na sindano humfikia mke ikiwa ya pili. Akitaka kwenda kutibiwa, mume aweza kumzuia akihofu kuachwa peke yake. Na mama yake mzazi, ambaye angemsaidia mwana wa kiume aliyepotea, humfungia mlango binti, maana kwa mwana wa kiume ulevi huitwa upotevu, na kwa binti huitwa umalaya.

Kisha liko jambo la mimba, nami naomba wazee wasione haya kulisoma, maana mwandishi wa Walawi hakuona haya. Heroini mara nyingi husimamisha hedhi. Mwanamke huona miezi mingi imepita, hudhani hawezi kuchukua mimba tena, na akichukua hajui mpaka tumbo limekuwa kubwa. Aanzapo methadoni hedhi yaweza kurudi na uzazi pamoja nayo, naye asipoambiwa hushtukia ana mimba wakati ndipo anajaribu kusimama. Anapogundua, wa kwanza kumshauri ni jirani, na jirani humwambia aache kila kitu siku ile ile kwa ajili ya mtoto. Shauri hilo latoka katika moyo mwema, nalo ni la hatari. Kuacha ghafula huweza kuharibu mimba, au kumleta mtoto kabla ya wakati, na mara nyingi humrudisha mama kwenye unga ambao ni mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani liliagiza katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kwamba mjamzito aliyeshikwa na dawa za namna hii apewe methadoni au nyingine iliyo kama hiyo, aendelee nayo katika mimba yake, na akijifungua asaidiwe kumnyonyesha mtoto, isipokuwa pana sababu ya kiafya ya kumzuia. Mtoto aweza kuzaliwa naye akitetemeka kwa kuzoea dawa, na wauguzi wanajua kumtibu. Mama akihofu kwamba atanyang'anywa mtoto, au atakabidhiwa kwa polisi, hataikaribia kliniki, atazalia gizani.

Haya yote hayakufichwa. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na dawa za kulevya na uhalifu lilitoa kitabu kizima cha kuwaongoza wenye vituo juu ya wanawake wanaojidunga. Yanayotakiwa ni mambo ya kawaida kabisa. Pawe na saa au siku iliyo ya wanawake peke yao. Wawepo wauguzi wanawake, na wanawake waliotoka katika maisha hayo hayo wawaendee wenzao mitaani. Pawe na mahali pa kuoga, pa kumlaza mtoto, na vitambaa vya hedhi. Methadoni na kliniki ya wajawazito vikae karibu, ili mwanamke asiende huku na huku kujieleza mara mbili. Aliyepigwa apate mtu wa kumsikiliza na mahali pa kulala. Jambo hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu nyumba za kuwatunza waliokwisha kuacha, zile ziitwazo sober house, nyingi zimejengwa kwa wanaume, na mwanamke akitafuta kitanda hukikosa.

Najua pia kwamba baadhi yenu mnaosoma mnasema moyoni, Kumsenga si Temeke. Sisi tutafanya nini na kliniki zilizo mbali nasi safari ya siku nzima au mbili? Basi nawakumbusha jambo lililotendeka papa hapa. Wakimbizi wa Burundi walipokuwa katika kambi za nchi hii, kambi ya Kanembwa ilikuwa na kila huduma. Maji yalikuwako, chakula kiligawiwa, zahanati ilikuwa wazi kwa wote. Kwa orodha za zahanati mtu angedhani kwamba wanawake hawakuwa na shida ya kutendewa jeuri, maana hawakuja kuisema. Mwaka 1996 shirika la International Rescue Committee likaanza kazi ya kuwasikiliza wanawake, likitumia wanawake wa wakimbizi wenyewe. Walipoulizwa na wenzao, kwa faragha, mbali na masikio ya waume na viongozi, ikaonekana kwamba kati ya wanawake na wasichana wenye umri wa miaka 12 hata 49, mmoja katika kila wanne hivi alikuwa ametendewa jeuri ya mwili katika machafuko na ukimbizi. Walikuwa wameyabeba kimya, wakipita kila siku mbele ya mlango wa zahanati wenye maandishi ya kuwakaribisha. Hawakuanza kusema kwa sababu mlango ulipanuliwa. Walisema kwa sababu mtu alisimama akawauliza, na aliyewauliza alikuwa mwanamke mwenzao.

Wako kati yenu waliofanya kazi katika kambi zile, na huduma ya wakimbizi ya Walutheri, TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina historia ndefu katika wilaya hizi. Kwa hiyo mnajua namna ya kufanya kazi hii kuliko watu wengi wa mijini.

Sasa naja kwenye neno zito, nalo lahusu nyumba yetu wenyewe. Tuseme binti amerudi. Ameshuka basi Kibondo usiku ili asionekane, amekonda, mikono yake ina makovu, naye ana mimba ya miezi sita isiyo na baba wa kutajwa. Jumapili inayofuata mama yake anakaa benchi la nyuma. Wazee wa kanisa wanakutana, na jambo la kwanza katika kitabu cha mkutano ni kumtenga binti na meza ya Bwana. Mimi siwi mmoja wa wale wanaotaka kanisa liache nidhamu. Usharika usio na nidhamu ni shamba lisilo na mpaka. Lakini nauliza mbele za Mungu: katika miaka mingapi tumewatenga wanaume wangapi kwa mimba walizozifanya? Mimba huonekana kwa mwanamke peke yake, basi nidhamu yetu humwangukia yeye peke yake. Na kijana aliyerudi kutoka mjini na ulevi ule ule, tulimwombea katika ibada, tukamwita mwana mpotevu, na baba yake akachinja mbuzi. Sikatai mbuzi. Nauliza kwa nini binti hakuchinjiwa.

Kwa hukumu yangu, mwanamke wa namna hiyo aliyerudi akaja kanisani amekwisha kugusa vazi. Amefanya yote aliyoweza. Kinachobaki ni cha wale walio barabarani pamoja na Bwana, ambao mara nyingi ndio wanaomsukuma nyuma kwa mabega yao pasipo kujua.

Walimu wa sharika wameniuliza wafanye nini hasa. Nitajibu kwa yale niliyoyaona kuwa yafaa, wala sisemi ni yote. Mwanamke akija kwako na habari hii, asikilizwe na mwanamke. Mke wa mwinjilisti, au mama mmoja wa umoja wa wanawake ambaye ulimi wake wajulikana kuwa unakaa kinywani. Habari yake isifike katika mkutano wa wazee kabla haijafika kwa mganga. Ikiwa anakunywa methadoni, asiambiwe aiache ili abatizwe au apokelewe tena. Ni dawa, kama ile anywayo mwenye kifafa, na kuiacha bila mganga kwaweza kumwua, kwa kuwa akirudia unga mwili wake haukizoei tena kipimo cha zamani. Lakini dawa hiyo haigawiwi popote kama vidonge vya malaria. Kwa hiyo akiwa amepata nafasi katika kliniki ya mji fulani, kumrudisha nyumbani kwa nguvu ili tumwone kwa macho yetu ni kumnyima dawa. Afadhali usharika umwandikie mchungaji wa mji ule, amtafutie chumba kwa watu wema, nasi tutume nauli. Nauli ya kila siku ya kwenda kliniki ni fedha kidogo kwa umoja mzima wa wanawake, na kwa yeye peke yake ni nyingi mno, hata humrudisha barabarani kuitafuta kwa njia ile ile anayotaka kuiacha.

Akiwa mjamzito naye yuko huku kwetu, apelekwe hospitali ya wilaya mapema, aende na mtu wa kumshika mkono, na yule mtu aseme na mwuguzi mkuu kwa faragha asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Wauguzi wetu ni wakarimu, lakini wengine hawajapata kumwona mgonjwa wa namna hii, na mgonjwa asiyeeleweka hukemewa. Mtoto wake, akizaliwa, abaki na mama yake maadamu yuko salama, na bibi asaidie kulea.

Na kabla binti hajaondoka, hilo nalo ni la walimu wa sharika. Msimwache apande basi bila kujua aendako. Andikeni jina la mwenye nyumba na mtaa wake. Mpeni barua ya kwenda kwa usharika wa mji ule, na baada ya mwezi mmoja mwulizeni mchungaji wa huko kama amefika kanisani. Asipofika, ulizeni tena.

Yule mwanamke wa Injili alipokwisha kueleza yote, Marko asema kwamba watu walikuwa wamekuja kutoka nyumbani kwa Yairo na habari ya kifo. Huenda wengine katika mkutano walimtazama mwanamke kwa hasira, wakisema kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha Mwalimu. Bwana hakusema neno la kumlaumu. Alikwenda akaingia nyumbani kwa Yairo, akamshika mkono yule msichana mwenye miaka 12, umri ule ule ambao mwingine alikuwa ameugua. Akasimama, naye akaagiza apewe chakula.